Bomba Lililosubiri Mkasi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakikaa vikao na kuandika mihtasari kwa makucha, palikuwa na kijiji kiitwacho Kichuguuni. Sogeeni, watoto, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako. Kichuguuni kulikuwa kukavu. Kukavu kwelikweli, mpaka vyura wa huko walikuwa wanasimuliwa tu habari za kuogelea.

Katika kichuguu kimoja aliishi Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mwili mrefu, miguu mifupi, akili nyepesi. Alikuwa na watoto wanne wachanga ambao hata macho walikuwa hawajafumbua. Mama asiyekunywa maji hana maziwa, na Bi Nguchiro alikuwa anaramba umande wa asubuhi kama mlo. Mto ulikuwa mwendo wa siku mbili, na mtoni alikaa Mamba. Mume wake alikwenda huko na masikio mawili na kibuyu kimoja. Alirudi na sikio moja, kibuyu hana.

Basi serikali ya nyika, iliyokuwa na makao yake mbali huko kwenye miti mirefu, ikaamua kuwachimbia kisima. Nyumbu wakaletwa. Wakachimba gu, gu, gu. Siku ya tatu maji yakaruka pyuuu, yakamlowesha Kunguru aliyekuwa anapita zake angani. Wakaweka bomba linalong'aa na koki ya shaba. Kijiji kizima kikatoka mbio na vibuyu, ndoo na vifuu.

Wakakuta bomba limetiwa kufuli. Juu ya kufuli kuna utepe mwekundu wa hariri, umefungwa ua kubwa. Na kando ya bomba amekaa Kiboko, Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ufunguo unaning'inia shingoni.

"Shikamoo Mwenyekiti," alisema Bi Nguchiro.

"Marahaba, binti. Umefuata nini?"

"Maji."

"Hakuna maji."

Ndani ya bomba maji yakasema bwi, bwi, bwi.

"Mbona nayasikia?"

"Kuyasikia utayasikia," alisema Kiboko kwa upole. "Lakini hayajazinduliwa. Maji yasiyozinduliwa si maji, binti yangu. Ni mradi."

"Na yatakuwa maji lini?"

"Mgeni rasmi akija kukata utepe. Mheshimiwa Tembo mwenyewe, Mkuu wa Nyika." Alipotaja jina hilo, Kiboko alisimama kwa heshima, na kiti nacho kikasimama naye kwa kuwa kilikuwa kimembana.

Bi Nguchiro akarudi kwake na kibuyu kitupu. Watoto walinyonya, wakaacha, wakalia. Moyo ulimuuma sana, kwa sababu kutoka mlangoni pake aliliona bomba lile liking'aa.

Sasa ngojeni niwaambie maandalizi yalivyokuwa. Yakaletwa maturubai kumi na mawili, ya wanyama ishirini. Matawi mabichi yakakatwa na kuchomekwa ardhini ili ionekane miti imepandwa. Mawe yote kuzunguka bomba yakapakwa chokaa. Chokaa inataka maji, na maji ya bombani ni mradi. Kwa hiyo punda arobaini wakatumwa mtoni, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, kuleta maji ya kupaka mawe yaliyozunguka maji. Yaliyobaki yakamwagwa barabarani kutuliza vumbi. Na yaliyobaki hapo akaogeshwa nayo Mwenyekiti, maana iliandikwa kwenye muhtasari kwamba ngozi ya Mwenyekiti ni mali ya serikali isipasuke.

Chakula cha mgeni kilitoka kwa wanakijiji. Katibu wa Kamati alikuwa Fisi. Alipita nyumba kwa nyumba: kwa huyu kapu la kumbikumbi, kwa yule asali, kwa mwingine karanga.

Siku ya uzinduzi ikafika. Wakapanga mistari, wakasubiri. Jua likapanda, likashuka. Fisi akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi, mgeni rasmi amepata dharura. Tutapanga siku nyingine."

"Na chakula?" akauliza Bi Kanga, jirani wa Bi Nguchiro.

"Chakula cha mgeni hakilali," alisema Fisi kwa huzuni kubwa. Akakaa na kamati yake, wakakila chote wakiwa na huzuni hiyohiyo.

Uzinduzi wa pili ukapangwa. Makapu yakapita tena, mgeni akapata dharura tena. Wa tatu pia. Utepe ukapauka kwa jua, wakanunua mwingine.

Siku moja Bi Nguchiro alikuwa anatafuta wadudu nje ya kijiji. Nyuma ya kichuguu cha tatu akamkuta Mzee Kobe, mkoba begani, anatembea polepole.

"Shikamoo Mzee Kobe. Unatoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sitoki, nakwenda. Nampelekea Mheshimiwa Tembo mwaliko wa uzinduzi."

"Wa uzinduzi upi?"

"Ule wa kwanza," alisema Kobe. "Wa pili na wa tatu ninao humu pia. Katibu kanikuta njiani akanipa."

"Nani alikuchagua kuwa tarishi?"

"Kamati. Walitazama nyika nzima, wakasema ni mimi peke yangu sijawahi kupoteza barua." Kobe alisema hayo kwa fahari, na ilikuwa kweli tupu.

Bi Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, kama wafanyavyo nguchiro wakitaka kuona mbali. Nyuma aliona maturubai. Mbele hakuona kitu, ni njia tu. Kufika kwa Tembo yeye angetumia siku mbili, Kobe angetumia mwaka. Hapo akaelewa kila kitu.

Lakini watoto hawawezi kungoja siku mbili za kwenda na mbili za kurudi. Wanataka maziwa leo. Akageuka mbio, chwe, chwe, chwe, mpaka kwenye turubai la kamati. Alikuta wamo kikaoni. Ajenda ilikuwa moja, kupanga kikao kijacho.

"Wazee wangu," alisema akipiga magoti, "nina hofu moja ndogo."

"Sema, binti," alisema Kiboko.

"Bomba hili ni jipya. Siku Mheshimiwa Tembo atakapofungua koki mbele ya halaiki, je, likikohoa?"

"Likohoe?"

"Bomba jipya hukohoa, Mwenyekiti. Kho, kho, kho, linatema tope. Tope likimrukia Mheshimiwa usoni, ataulizwa nani?"

Fisi alimtazama Kiboko. Kiboko aliangalia juu ya turubai.

"Tufanyeje?" akauliza Kiboko, sauti imepungua.

"Tufanye mazoezi ya uzinduzi."

"Mazoezi yana chakula?" akauliza Fisi haraka.

"Katibu, wewe umewahi kuona shughuli ya kamati isiyo na chakula?" Neno hilo lilimtoka mdomoni kabla hajalifikiria. Baadaye alilijutia, mtaona wenyewe.

"Lakini maji hayajazinduliwa," alisema Kiboko. "Wananchi hawawezi kuyanywa."

"Hawatayanywa, Mwenyekiti. Watafanya mazoezi ya kuyanywa."

Kiboko akafumba macho, akafikiri, akafumbua. "Andika hivyohivyo, Katibu."

Kesho yake yakaanza. Punda akafanywa mgeni rasmi wa mazoezi, akafungwa mkonga wa gunia uliojazwa nyasi. Utepe wa hariri ukasogezwa kando, ikafungwa kamba ya katani. Bi Nguchiro, kwa kuwa ndiye mwenye wazo, akapewa kazi ya kushika sinia la mkasi. Punda akakata kamba, Kiboko akatoa kufuli, koki ikazungushwa. Kho, kho, kho, likatema tope likamrukia Punda usoni. Kisha shwaaa.

"Mnaona?" alisema Bi Nguchiro. Kamati ilimtazama kwa shukrani.

Wanakijiji wakapanga foleni. Fisi alisimama na daftari, anasimamia.

"Kunywa kwa mazoezi. Tabasamu, geukia kwa mgeni, rudisha kikombe. Mwingine. Bi Nguchiro, wewe hii ni mara ya tatu."

"Ya kwanza nilikosea, Katibu. Sikutabasamu. Ya pili nilitabasamu mapema."

"Haya, rudia."

Akarudia mpaka tumbo likawa ngoma. Siku ile watoto wanne walinyonya wakashiba, wakalala wamepandana. Siku iliyofuata wakafumbua macho, mmoja baada ya mwingine. Bi Nguchiro alicheka peke yake kichuguuni kwa raha.

Mazoezi yakawa kila siku. Kulikuwa na mazoezi ya kunywa, mazoezi ya kujaza ndoo, mazoezi ya kuogesha watoto. Lakini kila zoezi na chakula chake, na kila chakula na kapu lake. Fisi akanenepa mpaka madoa yake yakaachana. Nyumba za wanakijiji zikabaki zinanuka asali bila kuwa na asali.

Asubuhi moja Bi Nguchiro aliingiza mkono ghalani, ukatoka na vumbi. Akatoka nje akamkuta Bi Kanga ameshika kapu tupu.

"Jirani," alisema Bi Kanga, "umetutoa kiu, asante. Sasa tunakunywa vizuri, tunalala njaa."

Bi Nguchiro akaona haya, haya ya kweli, kwa kuwa alijua nani aliyeleta habari ya chakula kwenye kikao. Hakujitetea. Alimwachia mumewe watoto, ambao sasa walikuwa wameanza kula wadudu, akachukua njia.

Alikimbia siku mbili. Njiani akampita Kobe, akamwamkia, wala hakusimama. Akamkuta Tembo kwenye miti yake mirefu, mkubwa kuliko alivyowahi kuwaza.

"Kisima cha Kichuguuni?" alisema Tembo. "Miezi yote hii nasubiri mwaliko. Nikadhani hakijachimbwa."

Bi Nguchiro akawaza: nikimshtaki Kiboko kwa maneno, Kiboko ana mihtasari, mimi nina nini? Bora mwenye macho ajionee.

"Kimechimbwa, Mheshimiwa, na nimekuja kukualika. Ila kwetu kuna desturi. Mgeni rasmi huja bila msafara. Akifika hufanya anavyoelekezwa, wala hasemi neno mpaka akate utepe. Akisema kabla, maji yanaona aibu yanarudi chini."

"Naheshimu mila za wananchi," alisema Tembo. Tembo alikuwa mtu mzuri, tatizo lake ni kwamba alizoea kungoja karatasi.

Bi Nguchiro akatangulia. Alipofika aliikuta kamati imekasirika, kwa sababu Punda amegoma, anasema mkonga wa gunia unamwasha.

"Msihangaike," alisema. "Nimepata mwigizaji mwingine kutoka mbali. Anamwigiza Mheshimiwa utadhani ndiye."

"Atakula sana?" akauliza Fisi.

"Hata hatagusa."

"Mlete."

Lazima niwaambie, watoto, kwamba kamati nzima haikuwahi kumwona Tembo kwa macho. Walimjua kwa picha iliyotundikwa ofisini, picha yenyewe haizidi ukubwa wa jani la muhogo.

Asubuhi ya pili ikasikika ndi, ndi, ndi. Vikombe vikatetemeka mezani. Tembo akaingia uwanjani, kimya, kama alivyoelekezwa.

Fisi akaifuata ile picha ofisini, akamzunguka nayo.

"Si mbaya," alisema, "ila umezidisha. Mheshimiwa si mkubwa hivi. Hebu tazama picha. Na masikio, ndugu yangu, nani alikudanganya uweke masikio kama hayo?" Akaushika mkonga akauvuta kwa nguvu. "Lakini huu umeshonwa vizuri. Sioni hata mshono." Akacheka hihihi, akauvuta tena.

Tembo akapepea masikio, pa, pa. Hakusema neno. Bi Nguchiro alisimama kando na sinia la mkasi.

"Kijana, kaa kule," alisema Kiboko. "Si hapo. Hapo pa Mwenyekiti."

Tembo akasogea. Mbele yake pakawekwa chakula cha mgeni, makapu manane. Fisi akayavutia kwake yote.

"Hiki Katibu hula kwa niaba," alieleza huku akitafuna.

Kiboko akamwegemea Tembo, kirafiki kabisa. "Sikiliza, kijana. Ukiigiza vizuri, kazi hii ni yako miaka mingi. Yule mwenyewe haji."

"Kwa nini haji, Mwenyekiti?" akauliza Bi Nguchiro kwa sauti ya kunyenyekea. "Mweleze mwigizaji, aelewe anachokiigiza."

"Atakujaje, na mwaliko amepewa Kobe?" alisema Kiboko, na kamati yote ikaangua kicheko, mpaka wengine wakajifuta machozi.

"Na Kobe akifika je?"

"Akifika siku itakuwa imeshapita. Tutampa mwaliko mwingine arudi nao. Binti, wewe bado mdogo katika mambo ya serikali. Siku Tembo atakapokata utepe, kamati inavunjwa siku hiyohiyo. Tutakula wapi? Mradi ukiisha umekufa."

Masikio ya Tembo yalisimama yakatulia. Bi Nguchiro akaona wakati umefika. Akasogea na sinia.

"Mwenyekiti, tumezoea kamba ya katani. Mkasi unaweza kuteleza kwenye hariri siku yenyewe. Leo mwigizaji ajaribu kwenye utepe wa kweli. Asikate, aguse tu."

"Aguse tu," alikubali Kiboko.

Tembo akachukua mkasi kwa mkonga. Akasogea kwenye bomba. Kacha. Utepe ukaanguka vipande viwili.

"Wewe mwigizaji," alifoka Kiboko, "umeharibu mali ya serikali. Unajua utepe huo ulipitishwa na kamati ndogo ngapi?"

Sasa desturi ilikuwa imetimia, utepe umekatwa. Tembo akainua mkonga akafungua kinywa.

PRRRAAAAAA.

Maturubai kumi na mawili yakang'oka yakaondoka na upepo. Ile miti ya kuchomeka ikalala yote. Picha ikamponyoka Fisi ikaanguka kwenye mguu wa Tembo. Fisi akaitazama picha, akamtazama Tembo, akaitazama picha tena.

"Masikio," alinong'ona, "ni yaleyale."

"Kamati imevunjwa," alisema Tembo.

"Mheshimiwa," alisema Kiboko, "hilo linahitaji kikao."

Tembo akamvua ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Kisha akauzungusha ule ufunguo kwa mkonga, vuuu, akautupa upande wa mto.

"Kautafute," alimwambia Kiboko. "Ukiupata, uulete pamoja na muhtasari."

Kiboko akaenda, na mpaka leo yumo majini anautafuta. Akiibuka ni kuvuta pumzi tu, anazama tena. Na Fisi, kile kicheko chake cha kuvuta mkonga kilimkwama kooni siku ile. Anacheka mpaka sasa, wala hakuna kinachomchekesha.

Bi Nguchiro akaenda bombani na kibuyu. Akafungua koki. Safari hii hakutabasamu, hakugeukia kwa mgeni, wala hakurudisha kikombe. Alikunywa tu, akajaza, akaenda nyumbani kwa wanawe, na Bi Kanga akafuata nyuma yake na ndoo. Makapu manane ya chakula yalirudi majumbani, pungufu ya alichowahi Fisi.

Tembo akarudi kwenye miti yake. Zikapita siku, zikapita wiki, zikapita miezi. Asubuhi moja akasikia mtu anagonga mlango, taratibu, ko... ko... ko. Akafungua. Alikuwa Mzee Kobe, amejaa vumbi, ameshika barua kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," alisema akihema, "unaalikwa kwenye uzinduzi wa kisima. Wamesisitiza usichelewe."

Kwa hiyo, watoto, mkiwa wakubwa na mkapewa kamati zenu, kumbukeni: maji ni ya mwenye kiu, si ya mwenye mkasi.